Mbegu Yenye Mizizi

Dominika ya 15 ya Mwaka A. Injili: Mathayo 13:1-23



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika ya leo yatupeleka kando ya ziwa, mahali ambapo Bwana wetu aliketi chomboni na kuwasimulia makutano habari za mpanzi. Mpanzi yule alikuwa mmoja, na mbegu ilikuwa ya namna moja, ila udongo ulikuwa wa namna nne. Kila tusikiapo mfano huu, wengi wetu hujiuliza upesi: Je, mimi ni udongo wa namna gani? Swali hilo ni jema. Lakini leo napenda tukawie kidogo penye neno moja ambalo hupita masikioni mwetu bila kutugusa, nalo ni mizizi. Mbegu iliyoanguka penye mawe haikushindwa kuota. Iliota, tena iliota mapema. Wala aliyeiua si jua, maana jua hilohilo ndilo lililoikomaza mbegu iliyokuwa katika udongo mzuri. Kilichoiua ni kukosa mizizi.

Basi, mizizi ya Neno la Mungu ndani ya mtu ni kitu gani? Nisingependa kuwajibu kwa maneno yangu matupu. Napenda tuongozane kuitazama historia, tuwaone Wakristo wa bara letu hili la Afrika, walioishi zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, jinsi walivyolipokea Neno na jinsi lilivyoshika mizizi ndani yao. Tena tuone, kwa masikitiko, mahali ambapo mizizi hiyo haikufika chini vya kutosha.

Tuanze na neno lenyewe, kutafakari. Zaburi ya kwanza yamsifu mtu ambaye hupendezwa na sheria ya Bwana na kuitafakari usiku na mchana. Naye afananishwa na mti uliopandwa karibu na maji. Wataalamu wa Kiebrania watuambia kwamba neno lililotumika hapo ndilo alilolitumia nabii Isaya, katika sura ya 31, kueleza simba anavyonguruma juu ya windo lake, na katika sura ya 38 kueleza njiwa anavyolia kwa huzuni. Kumbe, kwa watu wa kale kutafakari hakukuwa kukaa kimya na kuwaza mambo ya juu. Kulikuwa ni kuliweka Neno kinywani, kulinong'ona, kulirudia, kulisikia kooni. Nasi Waswahili tunalo neno linalokaribiana sana na hilo: kucheua. Mfugaji anajua kwamba ng'ombe hali mara moja tu. Mchana hukata majani kwa haraka. Jioni hulala chini ya mti, akayarudisha yale aliyoyameza na kuyatafuna tena taratibu. Maziwa hayatokani na kukata majani peke yake.

Sasa twende Misri. Karibu na mwaka 270, kijana mmoja wa kijiji, jina lake Antoni, alikuwa amefiwa na wazazi wake wote wawili. Alikuwa na umri wa miaka kama 18 au 20. Aliachiwa dada mdogo wa kulea, na ardhi yenye rutuba ya kadiri ya arura 300, ambazo ni yapata hekta 80 kwa vipimo vyetu. Habari zake tumezipata kwa Mtakatifu Atanasi, askofu wa Aleksandria, aliyeandika maisha yake. Siku moja Antoni alikuwa njiani kwenda kanisani, akiwaza jinsi Mitume walivyoacha vyote. Alipoingia, ilikuwa ikisomwa Injili ya Mathayo, sura ya 19, pale Yesu anapomwambia yule tajiri akauze mali yake, awape maskini, kisha amfuate. Watu wengine walikuwamo kanisani siku hiyo, na wote walisikia somo lilelile. Lakini Antoni alilisikia kana kwamba limesomwa kwa ajili yake peke yake. Akatoka, akawagawia wanakijiji ardhi yake, akauza vingine na kuwapa maskini, akabakiza kidogo tu kwa ajili ya dada yake. Baadaye aliingia tena kanisani, akasikia Bwana akifundisha kuhusu kutoisumbukia kesho. Hakuweza kungoja. Akatoa hata kile kidogo kilichobaki, akamkabidhi dada yake kwa mabikira waaminifu, naye akayaanza maisha ya sala ambayo yalimfikisha jangwani, hata akafa mwaka 356, akiwa mzee wa miaka ipatayo 105.

Ndugu msikilizaji, usinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila mmoja wetu akauze shamba lake Jumatatu. Nataka uone jambo jingine. Antoni hakuwa msomi. Elimu ya shule hakuitaka tangu utoto. Lakini Atanasi asimulia kwamba aliyasikiliza masomo kwa makini hata hakuna neno lililoanguka chini, na kumbukumbu yake ikawa badala ya vitabu. Huyu hakuwa na Biblia nyumbani. Biblia alikuwa nayo ndani.

Baada ya Antoni walifuata wengi. Pakomi, aliyekuwa askari kabla ya kuwa Mkristo, aliwakusanya watawa wa Misri ya Juu waishi pamoja katika karne ya nne. Katika kanuni zake aliagiza kwamba mtu anayejiunga na monasteri bila kujua kusoma afundishwe, hata kama mwenyewe hapendi. Na kwamba pasiwepo mtu asiyejua kwa moyo walau Agano Jipya na Zaburi. Watawa hao wengi walikuwa watoto wa wakulima. Walisuka mikeka na vikapu, walilima, walioka mikate, na mikono ikiwa kazini vinywa vyao vilikuwa vikicheua Maandiko kwa Kikopti, lugha waliyonyonya pamoja na maziwa ya mama zao.

Mmoja wa wazee wa jangwa hilo, Abba Pimeni, aliulizwa habari za ugumu wa moyo. Akajibu kwa mfano wa maji na jiwe: maji ni laini na jiwe ni gumu, lakini chombo cha maji kikining'inizwa juu ya jiwe na kudondosha tone baada ya tone, mwishowe jiwe hutoboka, ndivyo Neno la Mungu lililo laini lilivyo juu ya moyo wetu ulio mgumu. Wahenga wetu wa pwani hawakumjua Abba Pimeni, lakini walipotazama kamba ya kisimani ikisugua ukingo wa jiwe mwaka hata mwaka, walisema: Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Wazee wa Misri na wazee wa Uswahilini wameshuhudia jambo moja. Siri haiko katika nguvu ya tone. Siri iko katika kurudi.

Kutoka Misri tuelekee magharibi, mpaka nchi ambayo leo ni Algeria. Huko, katika mji wa Thagaste, mwaka 354, alizaliwa Agostino. Yeye alikuwa kinyume cha Antoni katika mambo mengi: alikuwa msomi, mwenye ufasaha, mwenye kutaka kusifiwa. Alipokuwa na umri wa miaka 19 aliyafungua Maandiko Matakatifu, akayalinganisha na maandishi ya Cicero, mwanafasihi mkuu wa Kirumi. Akayaona Maandiko ni duni, lugha yake haina madaha. Akayafunga. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, aliungama katika kitabu chake cha Maungamo kwamba kosa halikuwa la kitabu, bali la msomaji aliyejivuna hata hakuweza kuinama ili apite katika mlango ulio mfupi.

Mwaka 386, Agostino alikuwa Milano, Italia, moyo wake umegawanyika. Alitaka kumfuata Kristo, na hakutaka kuacha tamaa zake. Ndipo akatembelewa na Mwafrika mwenzake, Pontisiano, aliyemsimulia habari za Antoni wa Misri. Agostino alichomwa moyoni. Aliona aibu kwamba watu wasio na elimu waliinuka na kuuteka ufalme wa mbinguni, wakati yeye na elimu yake yote alikuwa akigaagaa matopeni. Akakimbilia bustanini, akalia chini ya mtini. Mara akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikiimba na kurudia maneno ya kumwambia mtu achukue na kusoma. Akakumbuka jinsi Antoni alivyolipokea somo la Injili kama neno lililoelekezwa kwake. Akakitwaa kitabu cha Mtume Paulo, akakifungua, macho yakaangukia Waraka kwa Warumi, sura ya 13, mahali Mtume anapowaasa watu waache ulevi na ufisadi na ugomvi, wamvae Bwana Yesu Kristo. Hakuhitaji kusoma zaidi. Katika Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa na Askofu Ambrosi.

Tazameni, wapendwa, jinsi mbegu inavyosafiri. Somo moja lililosomwa katika kanisa la kijiji nchini Misri lilimzaa Antoni. Na habari za Antoni, baada ya zaidi ya miaka 100, zikamzaa Agostino. Aliyesoma somo lile siku ile jina lake hatulijui. Huenda alirudi nyumbani akidhani hajafanya neno kubwa.

Lakini wengi husimulia habari za bustani ya Milano na kuishia hapo, kana kwamba kukua kiroho ni jambo la siku moja. Sivyo. Baada ya kuongoka, Agostino alimwomba Ambrosi amwelekeze kitabu cha kuanza nacho. Ambrosi akamtajia nabii Isaya. Agostino akajaribu, asiyaelewe hata yale ya mwanzo, akakiweka kando mpaka atakapokuwa amezoea zaidi lugha ya Bwana. Naam, hata Mwalimu wa Kanisa alipata kufungua Biblia asielewe kitu! Hakukata tamaa, wala hakujifanya ameelewa. Alingoja, akarudi, akakua. Zaburi alizieleza moja baada ya nyingine mbele ya watu wake, kazi iliyomchukua miaka mingi.

Tena tumtazame mwishoni mwa maisha yake. Mwaka 430 Wavandali walikuwa wameuzingira mji wake wa Hippo. Makanisa mengi ya Afrika yalikuwa yameteketezwa. Mzee huyu wa miaka 75 alikuwa kitandani, ana homa. Possidio, rafiki na mwanafunzi wake, asimulia kwamba aliagiza zile Zaburi chache za toba za Daudi ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake. Akalala akizitazama na kuzisoma, machozi yakimtoka. Kwa siku kama 10 za mwisho aliomba asiingiliwe na watu, ila saa za waganga au za kuletewa chakula, ili apate kusali. Akafa tarehe 28 Agosti. Mtu aliyeandika vitabu vingi kuliko tunavyoweza kuvisoma, saa ya kufa hakuomba kitabu chake hata kimoja. Aliomba Zaburi. Jua lilikuwa kali sana siku hizo, lakini mizizi ilikuwa imefika penye maji.

Sasa naja kwenye sehemu ya kuhuzunisha. Mji wa Karthago uliangukia mikononi mwa majeshi ya Waarabu mwaka 698, na katika karne zilizofuata Kanisa la Afrika ya Kaskazini-Magharibi, lililokuwa na maaskofu kwa mamia, lilififia hata likatoweka. Misri nayo ilitekwa kabla ya hapo, kati ya miaka 639 na 642. Lakini Kanisa la Wakopti liko hai hadi leo, na baada ya watu kuacha kusema Kikopti majumbani, Wakristo hao walilitafsiri Neno katika Kiarabu na kuendelea kulisoma. Ethiopia vilevile, ambayo askofu wake wa kwanza, Frumensio, alitiwa mikono na Atanasi yule yule, ililipokea Neno katika Kigeez, ikadumu nalo.

Kwa nini huku lilidumu na kule likatoweka? Sababu zilikuwa nyingi, na tusizirahisishe: palikuwa na vita, palikuwa na mafarakano ya Wakristo wenyewe kwa wenyewe, na wengi walihama kwenda ng'ambo ya bahari. Hata hivyo, wanahistoria wengi huitaja sababu moja ambayo yatuhusu sana leo. Kanisa la Karthago lilisali na kusoma kwa Kilatini. Wakulima wa vijijini walisema Kipuniki au Kiberiberi. Agostino mwenyewe aliliona tatizo hilo. Tunajua kwamba kwa ajili ya jimbo moja la mashambani alitafuta askofu anayekijua Kipuniki. Lakini kutoka nyakati hizo hatukufikiwa na Biblia hata moja iliyoandikwa katika lugha hizo mbili. Neno lilibaki katika lugha ya mjini, lugha ya mahakama na ya shule. Je, mtu atacheua nini usiku kitandani kwake, ikiwa Neno hakulimeza kwa lugha anayootea ndoto?

Wapendwa, swali hilo ndilo lililowakabili walioleta Injili katika pwani yetu. Mwezi Mei 1844, Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Kijerumani aliyetumwa na chama cha Waanglikana, alifika Mombasa. Mwezi Julai mwaka huohuo alimzika mkewe, Rosine, pamoja na kitoto chao kichanga, ng'ambo ya kisiwa. Mtu mwingine angepanda jahazi arudi kwao. Krapf alikuwa amekwisha kuanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akaendelea. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuja mwaka 1846, akadumu katika eneo la Rabai miaka 29, asirudi kwao hata mara moja, mpaka alipoondoka mwaka 1875 akiwa karibu kipofu. Mavuno yao yalikuwa machache mno. Mmoja wa watu wa kwanza kulipokea Neno pale Rabai alikuwa kilema, jina lake Mringe, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Kule Unguja, Askofu Edward Steere, aliyefika mwaka 1864, alifanya kazi ya kutafsiri Maandiko kwa msaada wa wenyeji wajuzi wa lugha, akajenga kanisa kuu mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Alikufa mwaka 1882, kabla Biblia nzima haijakamilika. Wengine walipokea kazi, na ilipofika mwaka 1952 ikatoka ile tafsiri ya pamoja ambayo wazee wetu wengi waliijua kwa moyo. Tangu kitabu cha Mwanzo cha Krapf mpaka hapo ni miaka 108.

Kwa hiyo kitabu kile kilichoko kabatini kwako, au juu ya redio hii unayoisikiliza, kililipiwa gharama kubwa. Kule Numidia mkulima angeweza kusema: Sikupewa Neno kwa lugha yangu. Mimi na wewe hatutaweza kusema hivyo. Tukinyauka, tutakuwa tumenyauka kisima kikiwa uani.

Nikikumbuka maisha yangu mwenyewe, naona haya kuwaambia kwamba kulikuwa na miaka niliyoisoma Biblia kwa ajili ya kuwahubiria wengine tu. Nilikata majani kwa ajili ya ng'ombe wa jirani, nami nikakaa na njaa. Aliyenifumbua macho alikuwa bibi mmoja mzee, asiyejua kusoma, niliyempelekea Ekaristi alipokuwa mgonjwa. Nilimwuliza anasali nini mchana kutwa akiwa peke yake. Akaniambia: "Baba, Jumapili nachukua neno moja tu. Likiisha utamu nakuja kuchukua jingine. Hili nililonalo halijaisha utamu tangu Kwaresima." Nilitoka nyumbani mle nikijua kwamba nimemtembelea mwanafunzi wa Antoni.

Basi tufanyeje? Katika karne ya 12, mtawa mmoja wa Ufaransa, Guigo, aliyekuwa mkuu wa Wakartusi, alieleza njia hii ya kale kwa mfano wa ngazi yenye vipago vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kumtazama Mungu kwa utulivu. Kusoma hukitia chakula kinywani, kutafakari hukitafuna, kusali huionja ladha yake, na kipago cha mwisho ndio utamu wenyewe unaoburudisha. Nawasihi mjaribu juma hili. Chagueni neno moja la Injili ya leo. Lisomeni kwa sauti, nyumbani, kwa lugha ya moyo wenu. Kisha lichukueni shambani, sokoni, dukani, kwenye foleni ya maji. Mtu akiwaudhi, lirudieni kabla ya kumjibu. Usiku, kabla ya usingizi, mwambieni Bwana mlivyolielewa na mlivyolishindwa. Msipolielewa, msione haya. Agostino naye hakumwelewa Isaya. Rudini kesho.

Wala tusipime ukuaji wetu kwa wingi wa sura tulizozimaliza. Mwanafunzi wa Kristo hupimwa siku ya jua: siku ya msiba, siku ya kudhulumiwa, siku ya kujaribiwa kwa fedha, siku ya kulala kitandani bila kuinuka. Siku hiyo itajulikana kama Neno lilikuwa juu ya mawe au lilikuwa na mizizi. Mama yetu Bikira Maria, ambaye Luka asimulia kwamba aliyaweka mambo yote na kuyafikiri moyoni mwake, alisimama chini ya Msalaba bila kuanguka. Mizizi yake ilianza kushuka tangu Nazareti.

Tuombe. Ee Bwana uliye mpanzi mwema, umetutupia mbegu yako kwa mkono usiochoka. Toa mawe yaliyomo ndani yetu. Utupe uvumilivu wa kurudi kila siku kwenye Neno lako, hata siku ambazo hatulioni tamu. Uwakumbuke wote waliolileta kwetu kwa machozi, wakazikwa kabla ya kuona mavuno. Nasi utujalie kuzaa, mmoja 30, mmoja 60, mmoja 100, kwa utukufu wa jina lako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.